"Sitaki, Utado?": Vile Ticha Anaweza Kumtuliza Mwanafunzi Jeuri Bila Kiboko na Bila Soo

Saa nane mchana, klasi ya Gredi 8, shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Nyeri. Githeri ya lunchi imeshukia tumboni na usingizi unazunguka. Ticha ni intern, amemaliza chuo juzi. Anamwambia kijana wa nyuma atoe kofia. Kijana anamwangalia tu. Ticha anarudia. Kijana anajibu polepole, ndio kila mtu asikie vizuri: "Sitaki. Utado?"

Klasi inanyamaza ji! Macho themanini yanatoka kwa kijana yanahamia kwa ticha.

Wasee, hapo ndipo matichee wengi wachanga hupoteza klasi ya mwaka mzima, na inachukua kama sekunde kumi hivi. Wengi wenu mnaosoma hii mko TP, ama mmeajiriwa na BOM kwa mkataba wa term moja, ama mko Kagumo, Karatina ama Chuka mkijipanga kuingia hii kazi. Na wengine wenu ndio mlikuwa huyo msee wa kofia, msijifanye. Kila mtu anakumbuka vile kidato cha pili kilikuwa na watu wasioambiwa kitu.

So leo tubonge: mwanafunzi akikukatalia mbele ya wenzake, unafanya nini? Na ni nini usijaribu hata kidogo?

Mlima unajua bei ya hii maneno

Huku kwetu hatuhitaji kuambiwa ni nini hufanyika hasira ya wanafunzi ikiachwa iive polepole. Mei 1999, pale Nyeri High, maprifekti wanne walifungiwa ndani ya chumba chao usiku, petroli ikamwagwa, moto ukawashwa. Wote wanne walikufa. Angalia vizuri: hao walikuwa wanafunzi kama wale wengine. Walikuwa wamepewa kazi ya kubeba mamlaka ya shule, na hasira ya kwenda kwa shule ikaishia kwao.

Miaka minane kabla, usiku wa 13 Julai 1991, ilikuwa St. Kizito kule Tigania, Meru. Wavulana walikuwa wamepanga mgomo na wasichana wakakataa kujiunga. Wavulana wakavamia bweni lao. Wasichana 19 walikufa usiku huo, na wengi wakabakwa.

Halafu 2016 zaidi ya shule 100 nchini zikaona moto kwa mwaka mmoja. Mwaka huo kalenda ya shule ilikuwa imebadilishwa na ziara za wazazi term ya tatu zikakatwa. Wanafunzi wengi waliona mambo yao yanaamuliwa bila mtu kuwauliza.

Sasa, tusidanganyane. Kijana wa kofia hatachoma shule kesho, na hakuna mtu anasema alichofanyiwa mtu yeyote hapo juu kina sababu ya kueleweka. Mauaji ni mauaji. Lakini visa hivi vinatufunza kitu kimoja: hasira ambayo haina mlango wa kutokea itatafuta dirisha. Kazi ya ticha klasini ni kujenga huo mlango mapema, mambo yakiwa bado ni kofia tu.

Kwanza sheria, juu hapa ndio watu huungua

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka wa 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema mtu hafai kupewa adhabu ya viboko. Alafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Sehemu ya 36 inakataza adhabu ya kimwili na pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Ukipatikana na hatia ni faini isiyozidi shilingi 100,000, ama jela isiyozidi miezi 6, ama zote mbili.

Piga hesabu. Mainterni wa JSS walianza na posho ya elfu 20 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya makato. Laki moja ni mshahara wako wa miezi mitano, ukiwa hujakula wala kulipa keja. Na hiyo ni kama TSC haijakuita.

Ona pia hilo neno "kiakili". Kumwita mtoto "takataka", kumcheka mbele ya klasi juu babake ni mlevi, kumwambia ataishia kuwa chokoraa, hizo zote si njia ya kuzunguka sheria.

Januari 2021, baada ya wanafunzi kushambulia walimu, marehemu Prof. George Magoha akiwa waziri wa elimu alisema kiboko kifikiriwe tena. Sheria haikubadilika. Na ndio, sote tunajua mboko bado inatembea shule kibao. Lakini hata tukiweka sheria kando, kwa kesi ya "utado?" kiboko ni zawadi kwa kijana. Akichapwa bila kulia, ashakuwa legend wa mbogi yake. Akilia, amechomwa picha, na atatafuta siku ya kulipiza. Hakuna mahali hapo wewe unashinda.

Huyu kijana anataka nini?

Mara nyingi ujeuri ni kifuniko. Ukifunua, unapata moja ya hizi.

Kuna ile ya kuogopa kuonekana mjinga. Mwanafunzi ambaye hawezi kusoma vizuri akiambiwa asome kwa sauti, atachagua kuitwa jeuri. Jeuri anaheshimiwa na wenzake, mjinga anachekwa. Ukiona mtu analeta ngori kila saa ya kusoma kwa sauti lakini kwa mpira ama agriculture yuko sawa, hapo usitafute adhabu, tafuta kitabu chepesi.

Kuna aibu. Kofia inaweza kuwa imeficha kichwa kilichonyolewa na wembe nyumbani kikabaki na mabaka. Sweta ambayo hataki kuvua inaweza kuwa imeficha shati lililoraruka. Na Nyeri mwezi wa saba, na ile baridi, inaweza kuwa ni baridi tu.

Kuna mambo ya nyumbani. Msee amelala njaa, ama alikaa usiku akisikiliza mathe na buda wakipigana, ama amerudishwa nyumbani mara tatu juu ya pesa ya shule na sasa hajui topiki iko wapi.

Kuna vitu vya kutafuna na kunywa. Muguka inatoka hapa karibu, Mbeere kule Embu, na iko kila stage. Mwanafunzi anayesinzia asubuhi na kuwaka mchana anahitaji mtu amwangalie kwa macho ya msaada, kabla ya macho ya hukumu.

Na kuna wale wanapima tu. Ticha ni mpya, ana miaka 23, tuone kama ni mlaini. Hiyo si chuki. Hata wewe ulifanya hivyo kwa ticha wa TP.

Huwezi kujua ni gani kati ya hizi ukiwa umesimama mbele ya macho themanini. Ndio maana mahali pale si pa kutafuta sababu. Pale ni pa kuzima moto tu.

Sekunde kumi za kwanza

1. Usijibu "utado?" Hilo si swali, ni mtego. Ukisema "nitakuonyesha", umeahidi vita, na klasi yote imekata tikiti ya kuangalia. Vuta pumzi moja. Kimya chako kinaongea kuliko kelele.

2. Shusha sauti na usogee. Ukipiga kelele kutoka ubaoni, unamlazimisha naye ajibu kwa kelele. Tembea polepole hadi karibu na dawati lake, simama kando, usimsimamie usoni kama karao. Ongea sauti ya kumfikia yeye na jirani yake tu. Ukimwondolea watazamaji, nusu ya sababu ya kukataa imeisha.

3. Mpe chaguo mbili, zote ziwe unaweza kuishi nazo. Kwa mfano: "Toa kofia tuendelee, ama ubaki nayo na kengele ikilia tuongee mimi na wewe. Chagua." Hajashindwa, amechagua. Kwa kijana wa miaka 14 hiyo tofauti ni kubwa kuliko unavyofikiria. Lakini usitoe chaguo ambayo huwezi kutimiza. Ukisema "toka ama nitoke mimi", omba asinyamaze.

4. Geuka, rudi kwa somo. Hii ndio ngumu. Unataka kusimama pale uone akitii. Usisimame. Mpe dakika moja ya kutii bila kuonekana ametii. Atatoa kofia polepole, akiguna, akizungusha macho. Wachana na kuguna. Umepata kofia, usianze vita ya pili juu ya macho.

5. Usiguse. Usimnyang'anye simu, usivute begi, usishike kola. Fujo nyingi klasini huanza na mkono wa mtu mzima kwa kitu cha kijana.

6. Usiadhibu klasi yote. Ukiwapigisha magoti watu 39 juu ya mmoja, umemtengenezea jeshi.

Kuna kesi moja ambayo hizi hatua hazihusu. Kama kuna silaha, kama watu wanapigana, kama ametishia kuumiza mtu, hiyo imepita ujeuri. Toa wengine nje, tuma mmoja mbio staffroom, na usijifanye shujaa.

Kengele ikilia

Hapa ndipo kazi yenyewe iko, na hapa ndipo matichee wengi huhepa juu wamechoka. Kama ulisema mtaongea, muongee. Ukisahau mara mbili, neno lako ni hewa.

Kaeni mahali watu wanawaona lakini hawawasikii. Hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe. Anza na yeye: "Kijana wangu, leo kulienda aje?" Usianze na "kwa nini", juu "kwa nini" inasikika kama kesi. Akinyamaza, nawe nyamaza kidogo. Akiongea Kikuyu ama Kimeru juu ndiyo inamtoka vizuri, msikilize. Lakini usitumie lugha ya nyumbani kumtusi, juu tusi la lugha ya mama linaingia ndani zaidi na halitoki.

Ukishasikia, sema lako kwa ufupi: "Vile ulinijibu mbele ya wenzako haikuwa poa. Mimi siwezi kukuongelesha hivyo, na wewe usiniongeleshe hivyo." Hapo hujamtukana na hujambembeleza.

Alafu kuna malipo. Kusamehe si kusahau. Malipo yawe madogo, yawe ya siku hiyo hiyo, na yawe yale yale kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Kupanga vitabu baada ya shule, kumaliza kazi aliyokosa, kukaa mbele wiki moja. Wanafunzi huvumilia adhabu. Kitu hawavumilii ni upendeleo.

Kesho yake, msalimie kwa jina kama mtu mwingine yeyote. Klasi inaangalia kama bado umejam. Wakiona umemaliza, na wao wamemaliza.

Ikirudi tena na tena

Andika. Tarehe, saa, nini kilisemwa, wewe ulifanya nini. Usiandike "ana tabia mbaya". Andika "alikataa kutoa kofia, akasema sitaki". Ukiangalia daftari baada ya wiki tatu unaweza kuona ni kila Jumatatu, ama ni kila saa ya hisabati, ama ni kila akikaa na yule rafiki yake. Hapo ushapata rada.

Peleka kwa mwalimu wa klasi na wa ushauri kabla ya kufika kwa dipyuti. Ukikimbia kwa dipyuti siku ya kwanza, umewaambia wanafunzi kwamba wewe peke yako huwezi.

Mzazi aitwe mapema, na aitwe kwa heshima. Wazazi wengi wa Mathira na Othaya wanalipwa kwa kilo ya chai ama kahawa waliyochuna. Ukimwita mama saa nne asubuhi ukamweka kwa benchi mpaka saa nane, umekula siku yake yote. Atafika amejam, na hasira yote itamwangukia mtoto pale pale ofisini. Mpigie kwanza. "Mama, mtoto yuko salama. Nilitaka tusaidiane." Maneno mawili ya kwanza yanabadilisha kikao kizima. Na kama anayelea ni shosho, mpe kiti kabla ya kumpa malalamishi.

Na ukisikia mtu akisema "huyu afukuzwe tu", mkumbushe sehemu ya 35 ya ile sheria ya 2013. Kufukuza ni mpaka njia zingine zote zimejaribiwa, mtoto na mzazi wamesikizwa, na hata hapo anafaa kupokewa mahali pengine pa kurekebishwa akisoma. Ticha aliyekasirika hana hiyo nguvu, na ni vizuri hana.

Kuna ujeuri ambao si ujeuri

Madem mlio TP, hii ni yenu. Kijana akikupigia mluzi ukiandika ubaoni, ama akisema kitu juu ya mwili wako, hiyo usiiweke kwa kikapu kimoja na kofia. Hiyo ni unyanyasaji. Usicheke ndio yaishe, na usikubali mwalimu mzee akuambie "ni vijana tu, utazoea". Andika siku hiyo hiyo, peleka kwa dipyuti, taka jibu.

Hivyo hivyo wavulana wakiwasumbua wasichana klasini na kila mtu anaita mchezo. St. Kizito haikuanza usiku wa Julai 13. Mahali ambapo kuwadharau wasichana ni utani wa kila siku, "hapana" ya msichana inaonekana kama kosa. Ticha anayekatiza huo utani asubuhi ya Jumatatu anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Somo kutoka Wamumu

Kama unafikiri vijana wa siku hizi ndio wagumu kuliko wote, rudi nyuma kidogo. Miaka ya hamsini, wakati wa Mau Mau, serikali ya mkoloni ilikuwa imefungia vijana wengi wadogo Manyani pamoja na watu wazima. Mwaka wa 1955 wakaanza kuhamishiwa Wamumu, pale Mwea, ambayo leo iko Kirinyaga. Tusipake rangi: ilikuwa kambi ya mkoloni, na hao vijana walikuwa na kila sababu ya kukataa amri.

Mmoja wa waliofanya kazi na hao vijana alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu mzaliwa wa Kenya, mwenye miaka ishirini na kitu tu. Yaani umri wa intern. Wamumu vijana waliwekwa shuleni, wakafunzwa ufundi, wakacheza mpira, wakapewa vyeo na majukumu. Mpaka leo pale pana shule ya serikali ya kurekebisha tabia za watoto.

Mwaka wa 1959, Griffin na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanzisha Starehe kule Nairobi na vibanda vya mabati, kwa ajili ya machokoraa wa mji. Kitu kimoja ambacho Starehe ilijulikana nacho ni baraza. Kila wiki wanafunzi wote wanakaa na mkurugenzi, na kijana yeyote anaweza kusimama aulize chochote, iwe ni chakula, adhabu, mwalimu, ama prifekti, bila kulipiziwa baadaye. Griffin aliiongoza shule hiyo mpaka alipokufa 2005.

Hiyo ndio ile milango tuliyosema pale juu. Haihitaji bajeti. Dakika kumi za Ijumaa, klasi yako: ni nini kiliwaudhi wiki hii, ni nini tubadilishe? Watu waandike kwa karatasi bila jina kama wanaogopa. Alafu Jumatatu urudi na jibu hata kama jibu ni "hapana, na sababu ni hii". Ukiuliza kisha usijibu, afadhali hungeuliza.

Hata mambo ya viongozi yamebadilika. Shule nyingi sasa wanafunzi wanapiga kura kuchagua baraza lao, badala ya staffroom kuchagua maprifekti kisirisiri. Kwa mji ambao unakumbuka 1999, hiyo si mtindo tu. Kiongozi aliyechaguliwa na wenzake hageuki kuwa askari wa ofisi kirahisi, na analala usingizi mzuri zaidi.

Kabla hujaingia klasi Jumatatu

Jua majina. Wiki ya kwanza, hata kama ni kuchora ramani ya viti kwa daftari. Ukimwita mtu "wewe wa nyuma", atajibu kama mtu wa nyuma.

Weka sheria tatu tu, na zitungwe na klasi. Sheria kumi na tano hakuna mtu anazikumbuka, hata wewe.

Ingia kabla yao, simama mlangoni, wasalimie mmoja mmoja. Hapo utaona nani ameingia na sura ya mvua, na hutamwita asome kwa sauti siku hiyo.

Msifu jeuri akifanya kitu kizuri, lakini kimyakimya, juu ukimsifu kwa sauti mbele ya mbogi yake utamchoma picha.

Na usibebe peke yako. Kila staffroom ina mwalimu mmoja mzee ambaye haongei sana na klasi yake hutulia akiingia tu. Mpelekee chai, muulize anafanya aje. Atakuambia kwa dakika tano kile hakikuwa kwa noti za chuo.